Honi ya Treni Ina Rangi ya Damu ya Mzee

Treni ya kutoka Dar es Salaam inapokaribia stesheni ya Kigoma na honi ikapigwa, mimi huona utepe mpana wa rangi ya damu ya mzee ukitanuka kutoka kushoto kwenda kulia, kingo zake zikiwa zimechanikachanika. Siutafuti utepe huo wala siubuni; huja na sauti na kuondoka nayo. Hali hii huitwa sinestesia, yaani hisi moja ikiguswa, nyingine huamka pamoja nayo bila kuitwa.

Nimeishi nayo tangu utotoni, na kwa miaka mingi niliificha. Nikiwa darasa la pili niliandika namba 5 kwa kalamu ya kijani kwa sababu kwangu tano ni ya kijani, na mwalimu akanichapa mbele ya wenzangu akidhani ninafanya mzaha. Nyumbani Ujiji, bibi yangu alishauri nisomewe dua. Simlaumu, kwa kuwa alinitakia heri, lakini sinestesia si ugonjwa wala si pepo. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2006 ulikadiria kwamba takriban asilimia 4 ya watu wanayo kwa namna moja au nyingine, na mara nyingi hujitokeza katika ukoo mmoja. Mdogo wangu anayo pia, ila tano yake ni ya kahawia, na mpaka leo hatujakubaliana.

Nashangaa kwamba jambo hili huonekana geni kwetu sisi tunaosema tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa. Lugha yetu haijawahi kuziwekea hisi kuta nene.

Ninalotaka kulitetea hasa ni uchoraji dhahania, yaani picha za rangi na maumbo zisizoiga kitu kinachotambulika, ambao wengi hapa huuona kama kumwaga rangi hovyo kwa mtu asiyejua kuchora mtumbwi. Mrusi Wassily Kandinsky, aliyeacha taaluma ya sheria akiwa na miaka 30 ili awe mchoraji, aliandika kwamba aliziona rangi zake zote aliposikiliza opera ya Wagner, mtunzi wa muziki Mjerumani, mjini Moscow, na manjano aliifananisha na mlio wa tarumbeta. Mimi sichori ndoto. Ninanakili kitu ninachokiona, na nakala inaweza kukosewa.

Mwaka jana nilitaka kuchora sauti ya dagaa wakavu wanapogeuzwa kwenye vichanja kule ufukweni Kibirizi, Kigoma. Kwangu mkwaruzo ule ni nukta za kijivu chenye mng'ao wa fedha, zinazopanda kwa mshazari na kuzimika kabla hazijafika juu. Nilianza kwa rangi za maji zinazopakwa ukutani, ambazo zikikauka huwa na giza kuliko zilivyokuwa mbichi, na mara tatu kijivu changu kiligeuka kuwa cha majivu ya mkaa. Kila mara nilibeba ubao hadi ufukweni, nikasimama karibu na vichanja, nikalinganisha. Wanasayansi nao humpima mwenye sinestesia kwa njia inayokaribiana na hiyo: humuuliza rangi za maneno au herufi, kisha baada ya muda mrefu humuuliza tena bila kumwarifu mapema, na aliye nayo kweli hutoa majibu yale yale karibu yote. Jaribio la namna hiyo lilifanywa na Simon Baron-Cohen na wenzake mwaka 1987. Niliposoma habari zake nilijisikia kama mtu aliyetolewa ushahidi wa kumtetea mahakamani baada ya kuitwa mwongo maisha yake yote.

Ubao wa nne ulikubali. Mama mmoja anayeanika dagaa aliutazama, akauliza, "Hii ni picha ya nini, mwanangu?" Nikamjibu kwamba ni dagaa wake anapowageuza. Hakucheka. Aliinama, akateka dagaa kwa viganja viwili, akawamwaga polepole kando ya ubao, kisha akawamwaga tena, macho yake yakizifuata nukta kutoka chini kwenda juu.