Madume Wawili, Rangi Kahawia

Mjomba ndiye aliyelianzisha, ingawa mpaka leo anaruka. Alikuwa mpishi kwenye meli za watalii zinazotokea Miami, na mwaka 2014 alikuja likizo Kigoma akatukuta tunafunga mizigo. Mimi na mdogo wangu, mtoto wa mamdogo, tulikuwa tunakwenda Mpulungu, Zambia, harusini kwa dada yetu. Mimi nina miaka 19, yeye 18. Hati za dharura za kusafiria tumeshachukua. Sindano ya homa ya manjano tumechoma mapema, maana inatakiwa zipite siku kumi kabla hujasafiri. Kadi zenyewe tumezifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na nauli. Kilichobaki ni kusubiri Jumatano, meli ya Liemba ing'oe nanga.

Mjomba akaweka kikombe chini. "Dada, hawa wanapanda meli peke yao?"

"Kwani kuna nini?"

"Kule Marekani haiwezekani hiyo. Meli ikitokea bandari ya kwao, mtu hajafika miaka 21, hapandi bila mtu mzima wa kulala naye chumba kimoja. Kampuni nyingine zinataka huyo mtu mzima awe na 25 kabisa. Labda kijana awe ameoa, na cheti akionyeshe."

Mimi mbishi, nikamuuliza na meli zinazotokea Ulaya je. Akasema Ulaya huwa wanapokea kuanzia 18, hata kwa meli za kampuni ileile. Yaani mimi ni mtoto nikiwa Miami, nikifika Barcelona ni mtu mzima na ndevu zangu. Lakini Mama alikuwa ameshachukua kipande anachokitaka. Ana kipaji hicho.

"Hawa hawajaoa," akasema, "na hawataoa kwa ajili ya meli. Iandikwe barua."

Baba akajaribu kueleza kwamba huku kwetu mwenye miaka 18 ni mtu mzima, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema hivyo.

"Ziwa linaijua hiyo sheria?"

Kina cha Tanganyika kinakaribia kilometa moja na nusu. Baba hakuwa na hoja. Akavaa kofia akatoka.

Sasa, sehemu hii naisimulia kama nilivyokuja kuipata baadaye. Baba alikwenda steshenari moja pale Mwanga, akakuta foleni. Dogo wa mashine akamwambia, "Mzee, niachie majina tu. Barua za kusafirisha ninazo nyingi humu ndani." Baba akasikia "kusafiri". Akaacha majina, akaenda zake kutafuta migebuka. Aliporudi akakuta barua imechapwa, imenyooka, ina "YAH" iliyopigiwa mstari. Akaweka sahihi. Miwani alikuwa ameisahau nyumbani. Mwenyekiti wetu wa mtaa naye akapiga muhuri palepale barazani huku anaongea na simu, na muhuri wenyewe ukakaa vizuri ajabu, duara limekamilika, wino haujavuja.

Mimi je? Niliikunja mara nne nikaiweka mfuko wa shati. Sikuisoma. Barua ya ruhusa ya mtoto, nani ana hamu ya kuisoma?

Jumatano bandarini palikuwa kama palivyo siku zote meli ikiondoka: madumu ya mawese, magunia ya dagaa, kuku wamefungwa miguu, na wachukuzi wanaokupita mbio wakipiga kelele "Kichwa! Kichwa!" wakati kichwa chako wameshakigonga. Na Liemba pale nyuma imetulia. Mjomba, pamoja na maringo yake ya Miami, alikuwa ameivulia kofia. Meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni hadi Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Nayo ilisafiri mbali na wazazi, nadhani makaratasi yake yalikuwa safi kuliko yangu.

Tukafika kwa afisa anayekagua hati. Mtu mzima, mpole, kalamu sikioni. Akaangalia hati zetu, akaangalia kadi za manjano, akaturudishia. "Haya, piteni."

Tungepita! Mdogo wangu alishanyanyua begi. Ila mimi nikaona, mama yangu amehangaika, baba yangu amepanga foleni, muhuri umekaa vile, halafu barua ibaki mfukoni?

"Afande," nikasema, tena kwa sauti, "na kibali cha mzazi tunacho."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Sasa kibali cha nini?" Lakini mkono alishaunyoosha. Akaikunjua. Akasoma kidogo, akachomoa kalamu sikioni akaiweka mezani. Akaanza upya, safari hii kwa sauti.

"'Yah: Kibali cha kusafirisha vijana. Mimi niliyetajwa hapo chini ni mmiliki halali wa vijana wawili. Nimewafuga mwenyewe tangu kuzaliwa, na sikuwapata kwa njia ya wizi.'"

Foleni nyuma yetu ikanyamaza. Hata kuku, nakwambia.

"'Ni madume wawili, rangi kahawia, mmoja ana kovu pajani. Wamechanjwa, wana afya njema, na hawana kupe. Wanapelekwa Mpulungu kwa ajili ya harusi.'"

Dogo wa steshenari alikuwa amechukua barua ya mtu wa mbuzi, akaiamuru kompyuta ibadilishe kila "mbuzi" iwe "vijana". Kompyuta ikatii.

Afisa akatutazama kwa huruma. "Kwa ajili ya harusi. Mnajua mnachokwenda kufanywa huko?" Kisha akaomba tena kadi za manjano, akazigeuzageuza. "Mmechanjwa homa ya manjano. Sotoka ya mbuzi je?"

Mama mmoja mwenye madumu ya mawese akasogea, akamshika mdogo wangu mkono hapa juu, penye nyama, akauminya. "Huyu mkondefu," akasema. "Wanampeleka bure."

Cha kuumiza ni kwamba kovu la pajani mdogo wangu analo kweli. Alianguka kwenye mwembe akiwa darasa la tatu. Akageuka kunitazama kama mimi ndiye niliyemwambia yule dogo.

Safari yote majina yetu yakapotea. Zamu ya chakula ikifika, mtu anaita, "Madume ya Kigoma wameshakula?" Kila tulipotia nanga, mitumbwi ikija kupokea abiria, mchukuzi mmoja anachungulia chini na kutangaza kwamba hawa wawili hawashuki, hawa ni wa harusi.

Tuliporudi, Mama alitungojea mlangoni. Hajatuuliza harusi ilikuwaje.

"Barua ilisaidia?"

Nikamtazama mdogo wangu. "Ilisaidia sana, Mama. Waliisoma yote."

Akafurahi mno. Akasema alijua tu, na ndiyo maana alitoa nakala kabla hatujaondoka. Moja ameshamwazima jirani. Binti yake anapanda treni kwenda Tabora Jumamosi, na wameipeleka palepale steshenari wakabadilishe majina.