Rejista abobee mapema ama apasue kwanza?
Binamu yangu ni rejista, yaani daktari anayesomea ubingwa, yuko mwaka wa tatu wa upasuaji hapa Nairobi na siku hizi tukikutana stori ni ile ile, kwamba miaka mitano ni mirefu bure, mtu akitaka mifupa si aachiwe mifupa tangu siku ya kwanza, ya nini kuhangaishwa na matumbo na henia za wazee. Na si yeye peke yake, marejista wengi wanaongea hivyo wakishachoka.

Wana pointi, sikatai. Operesheni ngumu kama za kongosho ama umio zinatoka vizuri zaidi kwa mkono uliozizoea, hiyo imechunguzwa miaka mingi. Na mtoto wa siku mbili aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa, hutaki akutane na mtu ambaye hiyo kitu aliiona tu kwa kitabu. Hata COSECSA, chuo cha wapasuaji cha nchi zetu hizi kilichoanza 1999, ni kama kimewakubalia nusu, unapiga miaka miwili ya misingi ndio unachagua njia yako, mifupa, watoto, mkojo, ubongo.

Lakini mimi kuna namba moja ya Wamarekani hainitoki kichwani. Kule mpasuaji wa jumla hamalizi miaka yake mitano bila kuonyesha operesheni kubwa 850, na angalau 200 ziwe za mwaka wa mwisho. Na hao tangu 2003 hawaruhusiwi kupita wastani wa saa 80 kwa wiki. Sasa piga hesabu, 850 kwa miaka mitano ni 170 kwa mwaka, tatu na kitu kila wiki, hujatoa likizo, hujatoa mgomo (na huku kwetu ule wa madaktari ulioisha 2017 ulienda siku 100, wa 2024 siku 56). Halafu ingia thieta ya hospitali yoyote kubwa ya kufundishia hapa mjini. Mgonjwa ni mmoja, juu yake kuna konsaltanti (yule bingwa mwenyewe), rejista mkubwa, rejista mdogo, intani, na wanafunzi wamejipanga ukutani kama wanangoja matatu. Jioni wote watasema walikuwa kwa hiyo kesi. Kisu kilishikwa na mtu mmoja, wawili ukiwa na bahati. Yule mdogo ameshikilia ritrakta, kile chuma cha kuweka kidonda wazi, masaa matatu mpaka mkono ukafa ganzi, na kwa logibuku, daftari lake la operesheni, anaandika "msaidizi". Mpeleke mifupa mapema, mpeleke ubongo, bado ataandika msaidizi, maana foleni ya kufikia kisu ni ile ile. Kwa hivyo ukisema shida ni eti anafunzwa vitu vingi mno nabaki najiuliza ni lini alifunzwa, mbona mimi naona tu ameonyeshwa.

Halafu kuna huko nje ya Nairobi. Tume ya Lancet, lile jarida la kitabibu, mwaka 2015 ilitaja operesheni tatu ambazo hospitali ya ngazi ya wilaya inafaa kuziweza: kufungua tumbo, kuzalisha kwa upasuaji, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. Ukigawa kazi kwa ubobezi hao tayari ni watu watatu, na kila mmoja anahitaji wa kumpokea zamu, niambie ni kaunti gani italipa hao wote. Kijana amegongwa na boda Lodwar usiku, mguu umevunjika na bandama inavuja damu. Daktari aliyepo anajua mifupa pekee. Atampakia kwa ambulensi hadi Eldoret, zaidi ya kilometa 300, na hiyo bandama nani ameiambia ingoje?

Nilimwambia binamu hivyo akaniangalia akasema, "Kwani mimi ndio nitaenda Lodwar?" Angalau huo ni ukweli, na nadhani ndio mjadala wenyewe, hayo mengine ya ubobezi ni maneno mazuri ya kuufunika.

Juzi wamemtuma hospitali ya kaunti wiki sita, huko rejista ni yeye na mwingine mmoja. Alienda akinung'unika. Wiki ya nne akanitumia picha ya ukurasa wa logibuku, bila maneno, safu ya "mpasuaji" imejaa mpaka chini. Nikasoma moja moja. Karibu zote ni henia.