Dada wa kazi mlipe mwenyewe, hela isipitie kwa ndugu

Niko Uingereza mwaka wa pili sasa, nabeba boksi kama tunavyosemaga, ila boksi langu mimi ni wazee, nawaogesha, nawalisha, usiku nawageuza kitandani. Watoto wangu wawili wako Mwanza, Bugarika, na dada wa kazi. Naanza na hilo ili wale wa "mama gani anaacha watoto" wamalize kuongea mapema tuendelee na mada. Tangu tarehe 11 Machi 2024 serikali ya huku ilizuia wanaoingia kwa viza ya kutunza wazee wasije na mume wala watoto, na viza yangu ilitoka baada ya hapo, kwahiyo ilikuwa niende peke yangu au nibaki Mwanza nihesabu mawe. Baba yao yuko mgodini Geita kwa shifti, anakuja siku zake za off anarudi. Mama yangu yuko Sengerema na magoti yanamsumbua, sasa kwangu si unajua nyumba za mlimani, ukishuka daladala safari ndio inaanza. Bila dada hiyo nyumba inafungwa.

Sasa kila Mtanzania ninayekutana naye huku ana stori ya dada wa kazi. Dada kakimbia, dada kaiba sukari, dada anashinda na simu, dada hana adabu siku hizi. Mimi nawauliza kitu kimoja tu, mshahara wake unapitia mkono wa nani? Hapo mtu anaanza kujikuna. Kwa shangazi, kwa kaka, kwa jirani tunasali naye. Basi tatizo lako tumeshalipata hata chai haijapoa.

Najua kwa sababu yalinikuta.

Nilianza kutafuta dada wiki chache kabla ya kuondoka. Nikampata dalali, wale wa maeneo ya stendi Nyegezi, akaniletea binti akaniambia ana miaka 18. Nikamwangalia yule mtoto, mkono wake na mkono wa mwanangu wa darasa la tano unakaribiana. Nikamuuliza umezaliwa mwaka gani, akamwangalia dalali. Nikamrudishia nauli nikamwambia dalali amrudishe kwao. Sheria inakataza kabisa kumuajiri aliye chini ya miaka 14, na aliyefika 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, sasa kupandisha ndoo za maji Bugarika huku kichanga cha mtu kiko mgongoni ni nyepesi kwa nani? Hapo hapo Mwanza kuna shirika linaitwa WoteSawa, kazi yao ni kutetea watoto na wasichana wa kazi za nyumbani, na kwa ninavyoujua mji wetu hawatakaa wakakosa kazi. Mimi kwangu chini ya 18 haingii, hata aje na barua ya katekista.

Wa pili alikuwa mtu mzima, miaka 23, mtaratibu, anajua kusonga ugali wa muhogo mpaka baba watoto akaacha kula kwa mama lishe. Tukakubaliana laki na nusu. Nilijiona nimetoa sana, maana amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilitaja elfu 60 kwa mwezi kwa dada anayelala kwa bosi kwenye nyumba za kawaida kama zetu, na wengi mtaani hata hiyo hawatoi. Nilipofika huku nikakuta kima cha chini ni pauni 11.44 kwa saa. Nikapiga hesabu kwenye basi natoka shifti ya usiku, masaa mawili yangu yanalipa hiyo elfu 60 na chenji inabaki. Nikaacha kupiga hesabu nikaangalia dirishani.

Hela nilikuwa namtumia wifi yangu, yote kwa pamoja, chakula, luku, maji, ada, ya dada humo humo. "Wifi, hapo ya dada ni laki na nusu." "Sawa wifi, ondoa shaka." Miezi sita hiyo.

Siku moja jumapili napiga video, mdogo ndio kashika simu, ana miaka sita huyo, kaiweka karibu na mdomo mpaka naona meno tu, akaniambia, "Mama, dada anauliza wameshaanza kukulipa huko?"

Nyuma nikasikia "wewe nyamaza!" na simu ikageuka, nikabaki naangalia dari na ile taa yetu yenye wadudu waliokufa ndani yake. Kama dakika nzima naangalia taa. Mtoto kaenda zake kucheza, dada haji kwenye simu, na mimi huku chai mkononi.

Kumbe mwezi wa kwanza alipewa elfu 70, wa pili 50, baada ya hapo anaambiwa mama watoto hajaanza kulipwa vumilia, hela zako zipo. Nikampigia wifi. Hakuruka, sifa hiyo nampa. Akasema alikuwa anamtunzia, eti hawa wasichana ukiwapa hela yote mkononi kesho humwoni. Na nyingine ilienda hospitali mkubwa alipolazwa malaria, hilo kweli, sikatai. Ila cha ajabu sikushangaa sana maneno yake, kwa sababu hata mama yangu alikuwa anawatunzia hela mabinti waliotulea, na sisi tuliona ni wema kabisa. Mtu mzima, katoka kwao, kaja kufanya kazi, alafu hela yake iko chini ya godoro la mtu mwingine tunaita ni kumsaidia.

Halafu nikajua na la pili. Jumamosi alikuwa anaitwa Mkuyuni kwa wifi kufua. Watoto wangu wanabaki kwa jirani. Yaani mimi nalipia dada wa nyumba mbili na ninapata nusu. Na huwezi kumlaumu dada, angekataaje, aliyeshika hela ndio bosi, mimi nilikuwa ni sauti tu ya kwenye simu inayouliza wamekula nini.

Nikamlipa malimbikizo yote. Siku ya tatu akaondoka. Vyombo kaosha, nguo za shule kapiga pasi, daftari la matumizi kaliacha mezani limeandikwa mpaka nyanya za mia mbili. Watoto walilia wiki nzima na mimi nilikuwa sina cha kuwaambia.

Dada wa sasa ametoka Ukerewe, ana mtoto wake mmoja kamuacha huko huko Nansio kwa bibi. Aliponiambia hilo kwenye simu tulinyamaza wote wawili, kila mtu na lake.

Na kwake pia nilianza kwa kukosea. Watu wakanishauri, weka kamera, siku hizi kila mtu anaweka, utaona kila kitu hata ukiwa kazini. Baba watoto akafunga moja sebuleni. Nikawa mapumziko yangu yote naangalia sebule yangu, naangalia zulia, naangalia mtoto anachora ukutani siwezi kumwambia acha. Siku ya nne nafungua naona maua. Maua makubwa mekundu. Dada kaitundikia khanga. Damu ikanichemka, nikapiga simu niko tayari kufukuza, akaniambia kwa upole tu, "Mama, hapa ndio nalala."

Ni kweli. Vyumba ni viwili, cha watoto hakina nafasi, kwahiyo watoto wakishalala yeye anatandika godoro sebuleni, anavua, anavaa, analala, hapo hapo kwenye jicho la kamera yangu. Huku kazini nikikuta kamera chumbani kwa bibi wa watu ninayemtunza bila yeye kujua ningekimbilia kwa msimamizi. Kamera ikahamia getini. Stoo tukatoa magunia ya mpunga na baiskeli mbovu, ikapigwa rangi, ikaingia kitanda na kitasa, na funguo anayo yeye.

Hicho kitasa pia ni jibu la lile swali lenu la "na mume je, unamuacha na dada?" Nalijua, nimeulizwa mpaka na shemasi. Mume mwenye nia hiyo atampata hata muuza vocha, siwezi kumlinda nikiwa bara lingine. Ila mwanamke anayelala nyumbani kwangu ana mlango unaofungwa kwa ndani, na mume nilimwambia hivyo hivyo mbele yake, akacheka, akaenda kununua kitasa.

Sasa kuhusu kumlipa moja kwa moja. Nilipotaka kuanza nikagundua laini yake imesajiliwa kwa jina la kaka yake, kwa sababu yeye namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, hakuwa nayo, na bila hiyo laini husajili. Hapa ndio wengi mnakwama na ndio wifi na mashangazi wanapoingilia. Kwahiyo kitu cha kwanza ilikuwa akajiandikishe, baba watoto akakaa na watoto siku hizo, namba ikatoka, laini ikasajiliwa kwa jina lake. Tangu hapo tarehe 2 ya kila mwezi hela inaingia kwenye simu yake, na ya kutolea juu. Msisahau ya kutolea jamani, mtu unamtumia mshahara kamili anafika kwa wakala anapata pungufu, ni mambo madogo lakini ndio yanayomwambia unamfikiria au humfikirii.

Wifi alinuna. Miezi miwili hakuja. Alirudi.

Mkataba nao tuliandika, karatasi moja ya kaunta buku. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inasema muajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, kazi gani, masaa gani, mshahara kiasi gani, na kama haelewi aelezwe mpaka aelewe. Nikamsomea kwa simu mstari kwa mstari. Nikafika kwenye "na kazi nyingine zozote atakazopangiwa", nilinakili hiyo kwenye mkataba wangu wa zamani wa ofisini, akanikatisha. "Hiyo nyingine zozote ndio ipi?" Nikafikiria. Ndio ile ya Mkuyuni. Nikaifuta.

Kwenye masaa sitawadanganya. Sheria inasema masaa 45 kwa wiki na dada wa kulala hayo anayamaliza alhamisi, gari la shule linakuja bado giza, usiku mtoto akikohoa nani anaamka? Hilo sijalipatia dawa. Nilichoweza ni jumapili yake yote, anatoka na gauni lake kanisani simuulizi anarudi saa ngapi, na kila siku watoto wakishalala hakuna kumuita kufunika sufuria iliyosahaulika. Nimeongeza mshahara ukafika laki na themanini. Haitoshi, najua, ndio ninachoweza nikishatoa kodi ya chumba huku.

Likizo je, siku 28, tena za kulipwa. Hapo hata marafiki zangu walinicheka, dada wa kazi na likizo wapi na wapi. Desemba akapanda meli akaenda Nansio, na mama yangu akaja kushika nyumba. Amepita juu ya daraja la Kigongo-Busisi, kilomita kama 3, lilifunguliwa Juni 2025, akanipigia akiwa ndani ya gari anapiga kelele kwamba ziwa liko chini yake na hakuna kusubiri kivuko. Furaha yote iliishia chini ya mlima. Kupanda kwangu alitumia karibu saa nzima, anapumzika kila jiwe, anasalimia kila nyumba, mwadila huku mwadila kule, mpaka mtaa mzima ukajua mama yake mbeba boksi kafika. Baada ya wiki mbili aliniambia, "Huyu binti unamlipa ngapi? Muongezee."

Sasa hivi naandika hii kwa sababu na huyu anaondoka. Mkataba unaisha mwezi wa sita na hataki kuongeza, ameweka hela kwenye simu yake mwenyewe, hakutunziwa na mtu, anataka kwenda kununua dagaa Ukerewe alete kuuza soko la Mwaloni na akae na mwanae. Aliniambia mapema, miezi mitatu kabla. Nilitaka kumbembeleza nikakumbuka na mimi nimeondoka kwetu kwa sababu hiyo hiyo.

Kwahiyo natafuta tena. Awe amefika 18 na namba ya NIDA anayo, au tutaitafuta. Laki mbili na ya kutolea. Stoo ina kitasa. Madalali wa stendi msinipigie, namba zenu bado ninazo.