Aliyechomwa kisu kifuani: apasuliwe Nansio au akimbizwe Bugando?

Mtu akichomwa kisu kifuani kule kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Victoria, ubishi huanza kabla damu haijakauka. Wengine husema apakiwe kwenye boti, awahishwe Bugando, hospitali ya rufaa jijini Mwanza. Wengine husema apasuliwe hapohapo kisiwani, mjini Nansio, kwa kuwa maji ni mengi na muda ni mchache.

Wa rufaa wana hoja nzito. Kufungua kifua si sawa na upasuaji wa uzazi uliozoeleka wilayani. Kunahitaji mtaalamu wa usingizi aliyebobea, damu ya kutosha kwenye jokofu na ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) ya kumpokea mgonjwa baadaye. Asiyezoea kazi hiyo anaweza kumuua mtu ambaye angepona bila kupasuliwa.

Na wengi hupona hivyo. Daktari hupenyeza mrija kati ya mbavu, usawa wa chuchu, mbele kidogo ya kwapa, na ncha ya nje huzamishwa kwenye chupa yenye maji. Hewa hutoka kwa mapovu, damu hushuka, pafu hutanuka tena. Kazi ya muuguzi ni kuitazama chupa: ikijaa lita moja na nusu kwa mkupuo, au damu ikizidi mililita 200 kila saa kwa saa mbili hadi nne, hapo chumba cha upasuaji hakikwepeki.

Kwa hiyo naegemea upande wa rufaa, ila mrija utangulie boti. Hewa ikinaswa kifuani hulibana pafu na moyo, na kumsafirisha mtu wa aina hiyo bila kumtoa hewa ni kumsindikiza tu. (PF3, fomu ya polisi, ifuate nyuma. Kisu kilichobaki mwilini kisichomolewe njiani.)

Kinachonisumbua ni moyo wenyewe ukitobolewa. Damu hujaa kwenye mfuko wake, presha huporomoka, mishipa ya shingo huvimba, na mrija wa pembeni haugusi tatizo hilo. Ludwig Rehn alishona moyo uliochomwa kisu huko Frankfurt mwaka 1896, bila mashine za leo, na mgonjwa akapona. Akiwapo daktari aliyefundishwa, na damu ipo, mgonjwa huyo afunguliwe Nansio. Moyo ukiwa umeshasimama muda mrefu, kupasua hakuokoi kitu.

Sengerema, ng'ambo ya ghuba ya Mwanza, mizani imebadilika: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, ambulensi haingojei kivuko. Ukerewe bado inangojea.