Baba Mdogo na Ufunguo wa Sanduku la Posta

Nchi hii unaweza kuishi bila gari, bila cheo, hata bila mke kama una moyo mgumu. Bila S.L.P. huwezi. Jaribu uone. Chukua fomu yoyote: ya mkopo, ya mtoto kuanza shule, ya kuvutiwa maji. Jina, sawa. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Namba ya simu, hiyo hata usingizini unaitaja. Ukishuka chini kidogo unakutana nayo: S.L.P., nukta nukta nukta.

Juzi nikaipita hiyo sehemu makusudi, nikasukuma fomu dirishani. Dada wa pale hata macho hakuinua.

"Baba, hapa umeacha wazi."

"Dada yangu, mimi fundi cherehani, nakaa Majengo hapahapa Moshi. Namba ya simu hiyo hapo. Ukinitaka, nipigie."

"Simu tumeiona. Andika na sanduku."

"Kwani mtaniandikia barua?"

"Hapana, sisi hatuandikiagi watu barua."

Sasa! Hamuandiki barua, mnataka pa kuipeleka. Watu nyuma yangu kwenye foleni wameanza kuguna, nikaandika ileile ambayo ukoo wetu mzima tunaiandika. Sanduku la baba mdogo.

Hilo sanduku alilipata enzi hizo akiwa karani kwenye maghala ya kahawa, na tangu hapo limebeba watu kuliko Hiace ya Boma Ng'ombe. Wamo watoto wake wote, wamo wa shangazi, kuna kwaya, kuna kikoba cha akina mama, na nina binamu aliyeolewa Mwanza zamani, ana nyumba yake kule na wajukuu, lakini wasifu wake wa kazi bado unasema yuko Moshi kwenye kijisanduku cha bati ukutani. Serikali ikiamua kututafuta sote kwa anwani zetu, itatukuta tumebanana mle ndani.

Na ufunguo ni mmoja. Anao yeye.

Mtu mwenye ufunguo huo anajijua. Ukimuuliza kama kuna barua, anakuuliza kwanza kama umefika kumsalimia au umefuata barua tu. Posta anakwenda siku anayojisikia. Akikuletea, imeshafunguliwa. "Nimefungua nione ni ya nani." Baba mdogo, jina limeandikwa juu ya bahasha! "Majina siku hizi yanafanana." Shikamoo, yaishe.

Haya manung'uniko nilikuwa nayatoa kimyakimya na cherehani yangu, mpaka akaanza kuja babu mmoja, karani wa posta mstaafu, anayekusanya stempu. Analeta suruali ya kupunguza kiuno asubuhi, anaondoka jioni. Kiuno kinachukua dakika chache, muda wote uliobaki ni wa hadithi za posta ya Mjerumani.

"Fundi," akaniambia, "wewe unalalamika kwa sababu unadhani posta ililetwa ikufuate wewe."

"Ilimfuata nani, mzee wangu?"

"Serikali ijiandikie yenyewe, na mzungu amwandikie mama yake. Wewe ulikuwa wa kubeba mfuko."

Basi akafungua albamu juu ya kitambaa cha mteja, nikaacha kukanyaga. Ofisi za mwanzo za posta ya Wajerumani upande wetu huu zilifunguliwa Dar es Salaam na Bagamoyo tarehe 4 Oktoba 1890. Stempu hawakuwa nazo za hapa, wakatumia za kwao kulekule Ujerumani. Mwaka 1893 wakaona hesabu hazikai, maana huku watu wanatumia rupia na pesa, basi wakazichukua zilezile wakazipiga chapa ya "Pesa" juu. Rupia moja ilikuwa pesa 64.

Sitini na nne! Mimi hapa nikimpa mtu noti ya elfu kumi kwa kazi ya elfu saba, chenji inazunguka mtaa mzima mpaka kwa Mangi wa duka la pili. Wale walikuwa wanagawanya kwa 64, na hawakuwa na simu yenye kikokotoo.

Mwaka 1901 ndipo wakatoa stempu ya koloni yenyewe. Unadhani waliweka nini? Kilimanjaro? Tembo? Mgomba? Waliweka meli. Meli ya kutembelea ya Kaizari, Hohenzollern, na picha hiyohiyo wakazipa koloni zao zote, atakayeona pwani na asiyeona. Mtu wa Old Moshi maji makubwa aliyokuwa anayajua ni ya mfereji, na hata hayo kwa zamu, halafu pembeni ya bahasha linapita jahazi la mfalme linafuka moshi. Labda ndio uhusiano wenyewe.

"Hii je?" Nikaona stempu nyingine yenye meli ileile, imeandikwa saba na nusu.

"Heller 7½. Mwaka 1905 pesa zilishaondolewa, rupia ikawa heller 100."

"Na hiyo nusu unaipata wapi?"

Babu akacheka. Kumbe nusu heller ilikuwepo kabisa, sarafu ya shaba. Na hizo heller saba na nusu zilikuwa sawa na pfennig 10 za Ujerumani, nauli ya barua ya kawaida kati ya mji na mji kulekule kwao, kwa sababu tangu 1899 barua kati ya Ujerumani na koloni zake zilitozwa kama za ndani ya nchi. Yaani barua inatoka Moshi mpaka Berlin kwa bei ya majirani. Mimi nikituma suti ya mteja Arusha, kilomita 80 tu, lami tupu, konda ananiangalia kana kwamba nimemwomba figo.

Barua zenyewe zilitembea kwa miguu, mabegani mwa matarishi, mpaka reli ya kutoka Tanga ilipotufikia hapa Moshi mwaka 1911. Arusha waliingoja yao mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920, jambo ambalo namkumbusha kila mtu wa Arusha anayeniita wa shamba.

Waingereza nao wakaingia Moshi Machi 1916. Nikadhani hapa mambo yatanyooka. Wapi! Nao hawakuwa na stempu. Wakachukua za Kenya na Uganda, wakazipiga chapa juu, herufi tatu: G.E.A., yaani German East Africa. Maana yake bado ni koloni la Mjerumani. Umemfukuza mwenye nyumba, umelala kitandani kwake, na wageni unawapokea kwa jina lake. Ilipofika 1922 ndipo wakaleta stempu ya twiga, na hapo nawapa haki yao: twiga angalau tunafahamiana. Mwaka 1933 wakaiunganisha posta yetu na za Kenya na Uganda, ikaendelea hivyo mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977, na Shirika la Posta mnaloliona sasa lilianza mwaka 1994. Hayo babu aliyapitia haraka haraka kwa sababu stempu zake ni za kawaida, kila mtu anazo.

Alipofika kwenye sheria, lakini, alivua miwani.

Alinieleza kwamba Mwingereza alipotawala hakutaka mchezo na barua. Kusafirisha barua kwa malipo ni haki ya serikali peke yake. Kwa mfano, sheria yao ya posta kule India, ya mwaka 1898, iliyafunga mambo vizuri kabisa: mtu binafsi haruhusiwi kupeleka barua, isipokuwa wachache, kama rafiki aliye safarini, atakayemkabidhi mwenyewe mkononi, na asipokee ujira wala faida. Ukivunja, faini hadi rupia 50 kwa kila barua.

"Kwa hiyo konda wa Coaster..."

"Konda akikutoza si rafiki."

Nikawaza stendi yetu pale. Kila gari linaloondoka kwenda Arusha lina bahasha ya mtu kwenye dashibodi, funguo za mtu zimefungwa kwenye leso, dawa za bibi wa Usa River, na mkungu wa ndizi wenye jina na namba ya simu kwa kalamu ya maki. Kwa sheria ile tungetozwa faini dereva, konda, mpiga debe na ndizi. Na msidhani yamekwisha na mkoloni. Sheria yetu wenyewe ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010 inataka anayefanya biashara ya kupeleka vifurushi awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Nilimwambia konda mmoja habari hiyo, akaniuliza kama mzigo unakwenda au naushusha.

Mimi sina ugomvi na leseni. Mzigo wangu ukipotea ningependa awepo mtu wa kumshika shati kisheria. Ninachong'aka nacho ni hiki: kuanzia 1890 kila aliyetutawala amekaa chini akaandika nani asibebe barua, kwa bei gani, kwa chapa ipi, kwa pesa ngapi za kugawanya kwa 64. Sijasikia aliyeandika kwamba hiyo barua ifike mlangoni kwa fundi, Majengo. Nilimuuliza babu: katika utumishi wako wote, uliwahi kuona mtu anapelekewa barua nyumbani? Akafikiri. Akasema telegramu, ndiyo, hizo zilipelekwa, na mama wa nyumbani akimwona kijana wa telegramu anaanza kulia kabla hajaifungua, maana zililipiwa kwa neno na hakuna aliyelipia maneno ili kutoa salamu. BABA MGONJWA NJOO. Basi. Huduma pekee ya mlangoni ilikuwa ya misiba.

Mtasema siku hizi kuna anwani za makazi. Naijua, operesheni ya 2022, walikuja vijana na vishikwambi, nyumba yangu ikapewa namba, barabara ikapewa jina, na msimbo wa posta tunao, Kilimanjaro ni tarakimu tano zinazoanza na 25, Arusha 23. Nikafurahi. Siku nimeagiza vifungo kutoka Arusha nikamsomea bodaboda kila kitu: namba ya nyumba, jina la barabara, msimbo. Akanyamaza. Kisha: "Fundi, hiyo ni karibu na wapi?" Nikamwambia karibu na mparachichi. "Si ungesema!"

Na shangazi yangu wa Arusha ndiye kanimaliza. Arusha kuna makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika, ule ulioanzishwa palepale mwaka 1980, na mwaka 2023 wakazindua jengo jipya la ghorofa 17. Shangazi analiona akienda kwenye kikoba. Sasa barua ya mwanawe haionekani, yeye anaamini iko mle, ghorofa za juu, inasubiri lifti. Nimemweleza kwamba wale ni wa nchi na nchi, wanapanga jinsi posta za Afrika zitakavyoelewana, hawana habari na kijana wake. Hakubali. "Ghorofa zote hizo za nini kama si za kuwekea barua?"

Barua yenyewe iko chini ya godoro la baba mdogo. Naijua, kwa sababu yaliyomo tulitangaziwa msibani kwa mama mkubwa, kati ya salamu za rambirambi na ratiba ya matanga: kijana hakupata kazi. Nilimsimulia babu wa stempu, akanionyesha bahasha ya wakati wa vita vya pili. Pembeni ina karatasi imebandikwa: imefunguliwa na mkaguzi. Serikali ilisoma barua za watu, ndiyo, lakini ilirudisha gundi, ikabandika na taarifa. Baba mdogo hana hata gundi.

Kwa hiyo Desemba, wote tulipopanda kijijini, nikaomba liingie kwenye ajenda za kikao cha ukoo. Nikasimama mbele ya watu wazima nikasema kwa adabu zote kwamba Mjerumani aliachia posta 1916, Mwingereza akaachia nchi 1961, na sisi tunaomba ufunguo uchongwe wa pili.

Baba mdogo hakukasirika. Alitoa daftari. Mle mna ada ya sanduku ya kila mwaka aliyolipa, na majina ya waliochangia. Yalikuwa machache. La kwangu alilisoma polepole, kisha akasoma mstari ulio mbele yake, ambao haukuwa na kitu. Akapendekeza masharti mapya: atakayeandika S.L.P. yake kwenye fomu amtaarifu kwanza kwa simu, atoe na mchango, na barua zifuatwe Jumamosi baada ya chakula cha mchana, chakula aje nacho mwenye barua.

Nikasema hilo sikubali, ufunguo upigiwe kura, na mimi niko tayari kuubeba.

Shangazi wa Arusha akaweka bakuli la kisusio chini. "Mwanangu, swali dogo tu. Ukipewa, utaanza kusoma za nani?"

Kikao kizima kilicheka mpaka mwenyekiti akahamia ajenda ya mbuzi.