Mimi Ndiye Pensheni ya Mamangu

Kila nikirudi kwetu Malindi, pwani ya Kenya, naulizwa: kuzuri wapi, huko Italia au hapa? Wengi wanataka nitaje mshahara. Nikiutaja kwa shilingi macho yanawatoka, na mazungumzo yanaishia hapo. Leo nataka kulijibu swali hili sawasawa, maana naona kipimo chetu chenyewe ndicho kibovu.

Kazi yangu hapa Bologna ni kutunza mzee. Wataliano wanaiita badante. Bibi ninayekaa naye ana miaka 88. Nyumba yake iko ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na tangu avunjike nyonga hashuki chini ila kwa kubebwa. Pensheni yake huingia kila mwezi, na Desemba huingia mara mbili. Zaidi ya hiyo serikali humpa euro 500 na kitu kwa mwezi kwa sababu hawezi kujihudumia, wala haulizwi kama ni tajiri au maskini. Ana daktari wake wa mtaa asiyemlipa hata senti. Huduma hiyo ya afya ya taifa waliianzisha 1978. Nisiipambe kupita kiasi, kwani kumwona daktari bingwa unaweza kungoja miezi. Lakini siku aliyoanguka, gari la wagonjwa lilikuja, akapasuliwa, akauguzwa, akarudi nyumbani, na hakuna aliyetuuliza pesa mlangoni. Usiku aliorudi nililia jikoni. Bibi akadhani namlilia yeye.

Nilikuwa namlilia mamangu. Mwaka mmoja kabla ya hapo alizidiwa alfajiri, nyumbani mtaa wa Barani, Malindi, na hospitali moja ya pwani ikataka dipoziti kabla ya kumpa kitanda. Dada yangu akamkalisha kwenye benchi, kichwa kimemlalia begani. Grupu la familia likafunguliwa. Mjomba akatoa elfu tano, jirani yetu muuza samaki akatoa mia tatu ambazo najua zilikuwa mtaji wake wa siku ile, mimi nikatuma zilizobaki. Alilazwa saa nne asubuhi. Alipona, alhamdulillahi, lakini ile benchi bado naiona.

Kwetu nako mzee wa miaka 70 na zaidi ana fungu lake serikalini, Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Hazifiki euro 20, na mara nyingi huchelewa. Mamangu anazipokea na anashukuru. Haziwezi kumlipia dawa za presha na unga kwa pamoja, sembuse kitanda cha hospitali. Kwa hiyo pensheni yake ya kweli ni mimi. Nikiumwa mgongo huku, kule chakula kinapungua.

Lakini nikiishia hapa nitakuwa nimesema nusu. Mamangu hajawahi kula peke yake. Asubuhi mjukuu anamletea chai, jirani anapitisha mbaazi na mahamri, jioni wanawake wenzake wako naye uani. Alipotoka hospitali, kuna aliyetandika mkeka chini ya kitanda chake kila usiku kwa wiki tatu. Bibi wa Bologna ana binti mmoja, yuko Milano. Humpigia kila siku saa mbili usiku na huja mara moja kwa mwezi. Si binti mbaya, ana kazi na watoto. Anayemwogesha mamake ni mimi. Italia karibu mtu mmoja kati ya wanne ana miaka 65 au zaidi, na mikono ya kuwashika wote haipo, ndiyo maana wanaitafuta kwetu. Wao wana pesa, mikono wanainunua. Sisi mikono tunayo, pesa tunaingoja kutoka ng'ambo. Na mikono yangu mimi, ambayo ingekuwa ya mamangu, inamgeuza bibi wa watu kitandani.

Ndiyo sababu naumia nikisikia, "Mbona hata Wataliano wanahamia Malindi?" Ni kweli wanahamia. Kituo chao, walichokuwa wakirushia roketi, kiko Ngomeni, karibu na Malindi, tangu miaka ya 1960, watalii wakafuata, wakajenga, na leo wapo wazee wao wanaoukimbia baridi wakaja kukaa kwetu. Wanasema Malindi kuna maisha mazuri, nami nakubali kabisa: jua, samaki aliyetoka baharini asubuhi, mtu wa kupika, mtu wa bustani. Ila pensheni yao haitoki Malindi. Msimu ukiwa mbaya, hoteli zikafungwa, dereva wa tuktuk anarudi nyumbani na pesa za mafuta tu, na mpishi wa hoteli anapewa likizo isiyo na mshahara. Mzee yule wa Kitaliano pesa yake inaingia vilevile. Tunaishi mji mmoja, maisha mawili.

Ya karatasi sitayasema mengi. Kibali cha kuishi huku kinachosha, na uraia unangoja miaka 10; Juni 2025 waliita kura ya maoni ili iwe 5, wapiga kura hawakutimia.

Jambo linalonikosesha usingizi ni jingine. Mwajiri wangu hunikatia michango ya uzeeni, na nikifika miaka 67 hivi nitakuwa na changu, hata kama ni kidogo. Nikirudi nacho Malindi, nitakuwa kama wale wazee wa Kitaliano. Dada yangu je? Yeye ndiye aliyekaa kwenye ile benchi. Ndiye anayemwogesha mamangu, anayejua kidonge cha asubuhi na cha usiku. Kazi yetu ni ileile. Mimi ninayeifanya kwa mgeni nalipwa na kuwekewa akiba, yeye anayeifanya kwa mzazi hana kitu.

Basi mwaka huu nimemwandikisha Haba Haba ya NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, ile ya shilingi 25 kwa siku, na natuma hela hiyo kando, isichanganywe na ya mama. Mwanzoni aliikataa. Akasema, "Dada, mimi nina watoto." Nikamjibu kwamba mamangu naye alikuwa na watoto, na mmoja yuko Bologna.