Pochi ya ngozi ya sangara: sajili kifungio, acha magamba

Ngozi ya sangara inayobaki baada ya minofu kukatwa viwandani Mwanza, ikitengenezwa vizuri, hutoa pochi yenye vifuko vya magamba ambavyo hakuna ng'ombe anayeweza kuvitoa. Fundi anayelenga wanunuzi wa bei kubwa Ulaya na Marekani lazima aamue: achukue hataza ya umbo, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine kuiga umbo la bidhaa, au pesa hiyo ainunulie ngozi?

Hataza hiyo hulinda mwonekano tu. Hailindi ngozi, wala namna ya kuitengeneza, wala kazi ya kifungio. Marekani hudumu miaka 15 tangu itolewe. Usajili wa Umoja wa Ulaya ni wa miaka 5 na huweza kuhuishwa hadi 25. Nguvu yake ni kwamba mwenye hati halazimiki kuthibitisha kuwa alinakiliwa. Kwa fundi asiye na jina, hilo ni kubwa. Umbo la Birkin, mkoba wa Hermès wa 1984, linalindwa Marekani kama alama ya biashara, ulinzi usio na ukomo mradi alama itumike. Lakini umbo hufika hapo baada ya wanunuzi kulizoea kuwa la mtengenezaji mmoja, na pochi iliyotoka juzi bado haijazoeleka hivyo.

Wanaopinga usajili nao wana hoja nzito. Maombi ya Umoja wa Ulaya huanzia yuro 350, bado malipo ya wakala. Ofisi yake haichunguzi kama umbo ni jipya, kwa hiyo hati inaweza kufutwa ikipingwa. Marekani huchunguza, na pochi ya msimu mmoja inaweza kupitwa na wakati kabla hati haijatoka. Tena kesi ya ng'ambo hugharimu kuliko mzigo mzima wa pochi.

Kwa pochi za msimu, nakubaliana na wapinzani. Kwa kitu kitakachorudi kila mwaka, tuseme kifungio cha shaba chenye umbo la omo (ncha ya mbele) ya mtumbwi, naona usajili unalipa. Chora kifungio kwa mistari kamili, na pochi na mkanda kwa mistari ya vipande vipande, kuonyesha kwamba hizo hazidaiwi. Hapo anayebadilisha mkanda hajaponyoka. Kwa kawaida huwa michoro 7: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu, chini na mmoja wa mshazari. Yote ikubaliane. Misumari 4 kwenye mchoro mmoja na 5 kwenye mwingine huzaa pingamizi, na Marekani hairuhusu kuongeza jambo jipya baada ya kuwasilisha.

Kosa linaloumiza zaidi ni kudai umbo pamoja na picha ya magamba. Hakuna ngozi mbili zinazofanana, na mwigaji atashona umbo lilelile kwa ngozi ya mbuzi, kisha adai mwonekano ni tofauti.

Kuna pia suala la tarehe. Tanzania imo katika Itifaki ya Harare ya 1982, mkataba wa nchi za Afrika kuhusu hataza na maumbo ya bidhaa, hivyo ombi moja linaweza kutaja Kenya na Uganda pia, na ndani ya miezi 6 tangu ombi la kwanza unaweza kuomba ng'ambo na kuhesabiwa tarehe hiyohiyo ya kwanza. Ila Marekani na Umoja wa Ulaya huvumilia miezi 12 tu tangu ubunifu uonekane hadharani. Kifungio kilichowekwa mezani kwenye maonyesho ya Nane Nane, Nyamhongolo, tarehe 8 Agosti, au picha yake Instagram siku hiyo, kimeanza kuhesabiwa: maombi yafike kabla ya 8 Agosti inayofuata.